Vipira Vikubwa vya Mtu wa Besi

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Sakitu imeunguza majani ya viazi nyuma ya nyumba. Lakini nina furaha, sijui niiweke wapi!

Mwalimu Edward, anayefundisha kwaya yetu ya usharika, amenipa kianzio. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa tunakwenda kwenye tamasha la kwaya Makambako, na ule wimbo wetu mkubwa unaanzishwa na besi mmoja peke yake, wengine wote wanavuma juu yake midomo imefumbwa. Kianzio hicho kilikuwa cha marehemu baba. Remmy alikitaka sana. Huyu Remmy ni dereva wa bodaboda, besi mwenzangu, sauti nzito kama pipa na wala haimpi shida. Mwalimu kasema nikishindwa atampa Remmy. Sitashindwa.

Mama kapiga simu kutoka hospitali ya Ikonda. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, limefungwa bandeji. La pili linangoja zamu yake na halioni zaidi ya ukungu. Akirudi nyumbani Kichiwa atalala Makambako kwa mama mdogo Oliva, siku hiyo hiyo ya tamasha. Nikamwambia nitasimama mstari wa mbele, nitampungia mkono. Akacheka. Akasema mkono hatauona, ila atanijua kwa sauti, kama alivyokuwa akimjua baba.

Nilipokata simu nikaanza kuutafuta wimbo.

Wimbo Mwalimu kautuma kwenye grupu la simu, sauti zote nne pamoja, kila mtu achambue yake nyumbani. Spika ya simu yangu ilikufa siku iliyotumbukia kwenye ndoo. Basi nimenunua hedifoni pale stendi, zile za kuchomeka masikioni. Za bei ya chini, lakini kwenye boksi wameandika kwa herufi nono kwamba zina besi. Ndani kuna vipira laini vya kuvalisha: vidogo, vya kati, vikubwa. Nimevaa vikubwa. Vya kati vimebingirikia chini ya kabati. Vidogo nimemwachia Priska, mke wangu. Mtu wa besi na vidogo wapi na wapi?

Jumatano, 9 Julai

Hedifoni zinadondoka. Nikitafuna, zinadondoka. Nikipiga chafya, ndiyo usiseme. Moja imeingia kwenye bakuli la makande, nimeitoa na punje ya mahindi.

Na besi haipo! Sauti ya kwanza inachoma kama sindano. Watu wa tena, ile sauti ya tatu ya wanaume wa juu, nawasikia vizuri, wanavuma. Chini yao hakuna mtu. Nimepandisha besi kwenye simu mpaka mwisho, nikapata mkwaruzo.

Priska akasema hewa inapita pembeni, besi inatorokea hapo, nijaribu vile vidogo. Nikamwambia vile ni vya watoto. Akavivalisha yeye, akavuta sikio juu kidogo, akachomeka, akafumba macho. Alikaa muda. Akasema besi ipo, inatembea chini chini, tamu sana.

Nikamweleza kwamba anadhani anasikia kwa sababu masikio yake hayana mafunzo ya kwaya. Hakunijibu. Priska asiponijibu huwa najuta, ila huwa najuta baadaye.

Ijumaa, 11 Julai

Akili! Nimekata sponji kwenye godoro, upande wa ukutani ambako hakuna anayepatazama. Nimeizungushia kwenye vipira vikubwa ili vizidi ukubwa. Vimeingia kwa kusukumwa. Nikasikia moyo wangu, nikasikia meno yangu, wimbo sikuusikia kabisa. Kutoa ilikuwa kazi. Sponji ya sikio la kushoto ilibaki ndani.

Priska kaitoa kwa kibano cha nywele. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye godoro, upande wa ukutani. Sijui alijuaje. Nimelalia shimo, ubavu unauma, na najuta.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada Remmy alinifuata. Akauliza kianzio kinakwendaje. Nikasema kimeshakaa, ni kung'arisha tu. Akasema kama nataka, tupitie pamoja jioni, yeye anakijua kwa sababu alikuwa akimsikiliza baba yangu tangu walipokuwa wakisimama pamoja kwenye besi. Akasema baba alikuwa akianza chini sana, mpaka benchi linatetemeka.

Nilimshukuru kwa ubaridi. Mtu anakuja kukupeleleza, halafu anakutajia baba yako! Nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba Remmy ndiye aliyebeba msalaba siku ya mazishi. Nikajisikia vibaya. Kwenda kumtafuta lakini nisingeweza, angejua kwamba sijui.

Nta ya nyuki nimejaribu pia. Kwa baridi hii imeganda na nywele za sikio. Sitaki kuizungumzia.

Jumanne, 15 Julai

Ushindi na aibu, siku moja.

Ushindi: nimegundua kwamba nikivaa kofia ya mzura na kubana masikio kwa viganja, kitu kizito kinasikika kule chini. Nikiachia, kinapotea. Nikibana, kinarudi. Besi ile!

Aibu: niligundua hayo nikiwa kazini. Kazi yangu ni kuchambua parachichi kwa saizi, ghalani, hapa hapa Njombe mjini. Ndogo huku, za kati huku, kubwa kule. Sasa viganja viko masikioni, parachichi zinapita zenyewe. Msimamizi wetu, Beatha, alifungua kreti ya kubwa akakuta ndogo zinacheza ndani, zinagongana. Akaniita mbele ya wenzangu. Akauliza kama mtu mzima hajui kwamba kila tunda lina tundu lake kwenye kreti, na kwamba likipwaya linaharibika njiani. Mimi! Anayenifundisha saizi ni Beatha! Nilimwambia hakuna mtu ghalani anayejua saizi kama mimi.

Hedifoni zimepigwa marufuku ghalani. Ule uzito wa chini niliusikia kidogo tu, sikuwahi kuushika. Najuta kuachia viganja, na najuta kubana.

Jumatano, 16 Julai

Priska anaosha vyombo huku anaimba wimbo wetu. Anaukosea vibaya mno. Anaushusha chini, chini, mpaka unafika mahali ambapo hakuna wimbo. Nimeingia jikoni kumsahihisha. Nikamwimbia inavyotakiwa, kama ninavyoisikia kwenye hedifoni. Akanitazama na sufuria mkononi. Akauliza, kwa upole kabisa, kama nina hakika. Nikasema mama yangu anakuja kunisikiliza, kwa nini nisiwe na hakika?

Akasema basi Mungu atusaidie, Baba Nelly.

Vile vidogo kavifunga kwenye leso yake. Nimemwona.

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi ya mwisho yalikuwa leo. Nimeenda na skafu shingoni.

Mpango wangu ni huu: nikiimba leo Remmy atapata la kunikosoa. Nisipoimba, Jumamosi itakuwa ni mimi na Makambako tu. Nikamnong'oneza Mwalimu kwamba koo limeingiwa na baridi, naipumzisha sauti. Akanitazama sana. Akauliza kama anaweza kuniamini. Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu mpaka skafu ikafunguka.

Remmy akashika nafasi yangu kwa muda. Wakaanza kuvuma, naye akaingia.

Nitaandika ukweli, hakuna anayesoma humu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa vile vile Priska alivyoimba jikoni. Benchi lilitetemeka, nilikuwa nimelikalia. Kwa muda kidogo nilitaka kuvua skafu na kusema Mwalimu, nisaidieni, sijui.

Kisha nikafikiri: wameshirikiana. Remmy na Priska wamejifunza makosa mamoja! Mimi ninayo besi ya kweli, nimeisikiliza kwa masikio yangu mwenyewe. Nikafunga skafu vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Makambako. Vumbi, upepo, malori yanapiga honi barabara kuu utadhani nayo yamekuja kushindana.

Mama alikuwa ameshafika. Mama mdogo Oliva alimkalisha kiti cha mbele, bandeji nyeupe jichoni, kitenge kipya. Nikaenda kumwamkia. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema kamwene, kama tunavyosalimiana nyumbani, akasema anaona kivuli kirefu kama cha baba. Akasema njia nzima kutoka Ikonda alikuwa akiwaambia abiria kwamba mwanawe anaanzisha wimbo.

Tukapanda jukwaani. Mimi mbele, Remmy nyuma yangu, begani kabisa. Mwalimu akainua mkono. Wenzangu wakaanza kuvuma. Nikavuta pumzi.

Nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya tena.

Tena tupu! Kumbe wiki nzima nilikuwa nimejifunza mavumo ya tena nikayavalisha maneno ya besi. Nikawa naimba juu, pamoja nao, na chini pakabaki shimo ambalo hata mtoto angelisikia. Zita wa sauti ya pili aligeuza shingo. Mkono wa Mwalimu uliganda hewani. Nikatafuta pa kushuka, nikashuka, nikakuta sipo popote. Nikamwona mama amesogeza kichwa mbele, anatafuta.

Ndipo ikaingia kutoka begani kwangu. Nzito, taratibu, haina haraka. Remmy. Aliichukua ile sentensi nilipoiangusha, akaibeba. Mimi nikafunga sauti nikabaki kuchezesha midomo. Na mama akatulia. Akainamisha kichwa, akatoa leso, akaipitisha chini ya bandeji.

Tulipotelemka alinishika mikono. Akasema mwanzo aliogopa, alidhani wamemsimamisha mtu mwingine. Kisha nikaanza, akamsikia baba. Akasema miaka yote hii hakuwahi kumsikia tena, na leo kamsikia, Makambako, kwenye koo la mwanawe.

Remmy alikuwa amesimama pale pale na joho lake mkononi. Nilimtazama. Sijawahi kumwogopa mtu vile. Akainama, akasema, "Shikamoo, mama. Kweli, leo kianzio kimeimbwa."

Nami nikasema asante, mama.

Hilo tu. Asante, mama! Ulimi ulikuwa wangu, ukweli ulikuwa wangu, na Remmy yuko hatua moja. Priska aligeuka akatazama malori.

Nimejuta mengi maishani, lakini mengine yalikuwa ya kujifunzia. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mtoto ni mmoja tu na wajukuu wameshajaa nyumba.

Mwalimu hakunigombeza. Alisema Alhamisi nije bila skafu.

Jumapili, 20 Julai

Tumelala kwa mama mdogo Oliva, mimi na Priska. Nimeamka na uamuzi: leo namwambia mama. Kabla ya chai.

Baada ya chai mama kaniita. Akasema ana ombi. Jicho la pili bado, atakaa Kichiwa ndani kwa muda, hatalima, hatasoma Biblia. Anataka ule wimbo kwenye simu yake, awe anamsikiliza baba asubuhi. Yaani mimi.

Nikafungua kinywa. Nikasema hilo halina shida, mama.

Wimbo wenyewe alikuwa nao Remmy. Mtu fulani aliurekodi jana, yeye ameshanitumia, bila hata kuombwa, na maneno machache: wa mama, akiutaka. Wema wa Remmy unachosha. Angenitukana ningelala.

Basi nimeuweka kwenye simu ya mama, na nimempa hedifoni zangu. Ni zawadi. Nimejisikia vizuri kidogo, mara ya kwanza tangu jana. Priska akafungua leso, akanyoosha mkono, vile vidogo viko kiganjani. Nikamwambia hapana, yule ni mama yangu, mtu mzima, mke wa mtu wa besi, siwezi kumvalisha vya watoto. Nikamvalisha vikubwa kwa mikono yangu mwenyewe, nikavisukuma mpaka vikakaa. Nikawasha.

Mama alisikiliza kwa makini, mikono imetulia mapajani. Nilikuwa nikimtazama usoni nikingoja ile furaha ya jana. Haikuja. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavitoa, kimoja kimoja, akavishika mkononi.

Akasema kwaya ni nzuri, wote anawasikia vizuri mno. Ila mimi hanisikii. Akasema kanitafuta mwanzo mpaka mwisho, mimi na baba, hatumo. Akauliza kama kuna kosa amefanya.

Nikasema hapana, mama, hujakosea kitu. Priska akatoka nje.

Nimefikiri sana, na tatizo nimeliona. Kesho nikifika Njombe naenda moja kwa moja stendi. Lazima kuna mahali wanauza vipira vikubwa zaidi.