Goti Jipya na Salamu za Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Wiki ya nne na goti la bandia. Mguu umenyooka! Majirani wanakuja kuutazama. Ulikuwa umepinda miaka mingi, tangu baiskeli yenye mikungu ya ndizi iniangukie kwenye mteremko wa Buhigwe na mfupa ukaunga vibaya. Daktari alisema mbele ya wauguzi kwamba kesi yangu ni ngumu. Neno hilo nimelirudia kanisani, sokoni na kwa kinyozi. Khatibu wa duka la vitenge alipasuliwa siku moja na mimi, ila yake ilikuwa kesi nyepesi. Hapendi nikimkumbusha. Namkumbusha.

Mazoezi ni kukunja goti asubuhi, mchana na jioni. Yanauma vibaya sana. Dada Tunu wa mazoezi alisema lisipokunjwa sasa litaganda. Nilimsikia. Mke wangu Aline naye alisikia, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 11 Juni

Habari mbaya. Mama mkwe anakuja hapa Kasulu Jumamosi kutoka Kibondo.

Niandike wazi, hapa hasomi mtu. Kwetu, mkwe na mama mkwe husalimiana wamechutama, mmoja huku, mwingine kule, wakipiga makofi taratibu. Mkwe hainuki mpaka mama amalize kuuliza. Na mama mkwe wangu, Mama Ininahazwe, hana haraka. Huanza na watoto, akaingia kwenye maharage, akafika kwa mbuzi, akamalizia na marehemu. Mguu mbovu ndio ulioniokoa. Tangu niumie namsalimia nikiwa kitini kama mwenyekiti wa kijiji. Sasa madaktari wameniharibia.

Lakini nimepata mpango. Goti lisilokunjika halichutami. Kwa hiyo mazoezi basi! Aline akiwa shambani, nalala. Nikimsikia anarudi, najimwagia kikombe cha maji usoni, yaonekane jasho, na kuguna. Amenipa pole na yai la kuchemsha.

Alhamisi, 12 Juni

Khatibu kapita hapa bila kuegemea fimbo, kaiweka kwapani kama mwavuli. Anadai anakaa kitini miguu ikiwa imekunjwa sawasawa, anavaa soksi mwenyewe. Nikamwambia kwa kesi nyepesi hilo si ajabu. Kaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe kafika. Nilimpokea kitini, mguu nimeunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Nikapiga makofi, nikaomba radhi, nikasema ndani ni chuma, na chuma hakikunjiki. Aline alimwekea kigoda, akakaa. Ajabu, hata maharage hakuyauliza! Aliutazama mguu wangu muda mrefu. Akauliza kama ninapanda ngazi za kanisa. Nikasema siwezi. Akanywa chai yake.

Ushindi mtupu. Nimelala vizuri.

Jumapili, 15 Juni

Aline kaja juu. Kumbe mama yake magoti yote mawili yamekwisha. Nyumbani kwake anatambaa kutoka kitandani hadi jikoni, na hakuna aliyejua. Hospitali ilishampa tarehe ya Julai. Alikuja kwanza kuona langu. Sasa amemwambia Aline apige simu afute. Kasema kama mkwe wake Fidele mwenye nguvu zake amekuwa gogo, yeye bibi kizee atakuwa nini?

Aline amelia jikoni. Nimeona aibu, na sikupata wa kumlaumu. Mpango mpya: kesho nitakunja mbele ya mama. Kidogo tu, asije akadhani naweza kuchutama.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekunja. Halikukunjika.

Nimejaribu tena nimeuma taulo. Wapi! Limeganda kweli.

Nimejikongoja hadi dukani kwa Khatibu, nikamwomba msaada kwa adabu zote. Kanishika kifundo cha mguu, kasukuma, tumeanguka wote juu ya marobota ya vitenge. Alicheka. Aliponitazama usoni akaacha, akaniambia niende hospitali, na nisimfiche mke wangu.

Alhamisi, 19 Juni

Hospitali. Dada Tunu kapima, kauliza kama nafanya mazoezi. Nikasema kila siku, natokwa jasho mpaka shati linalowa. Aline alikuwa amebeba kile kikombe kwenye mkoba, akakiweka mezani.

Daktari kasema kovu limeshikamana ndani. Nitapigwa nusu kaputi, goti likunjwe kwa nguvu. Kwa mguu kama wangu mfupa unaweza kuvunjika, kwa hiyo ataenda polepole na haahidi kitu. Kwa mara ya kwanza sikufurahia kuwa kesi ngumu. Nikauliza kama baada ya hapo nitaweza kuchutama. Alishusha miwani.

“Kuchutama? Mzee Fidele, goti la bandia hatulichutamii. Nilikueleza siku ya kuruhusiwa. Wewe ni mtu wa kiti mpaka unazikwa.”

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa namsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi kesi yangu ilivyo ngumu.

Ijumaa, 27 Juni

Wamelikunja jana. Mfupa umesalimika. Maumivu siyaandiki.

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa wodi kwa heshima, kashika nguzo ya mlango. Kasema anataka jibu moja la kweli: chuma kinakunjika au hakikunjiki? Nikamjibu kinakunjika, ila mimi ndiye niliyekataa, nikikimbia salamu zake. Nilitaka shuka linimeze.

Akasema, “Mkwe wangu, salamu zangu ni ndefu kwa sababu nikishachutama siwezi kuinuka. Nauliza mbuzi huku nasubiri magoti yakubali.”

Miaka yote hiyo! Nimekunja goti mbele yake mara nyingi kadiri nilivyoweza, machozi yakinitoka. Alihesabu kwa makofi. Alipochoka kusimama alimwambia Aline asipige ile simu.

Jumapili, 3 Agosti

Mama mkwe kapasuliwa, goti la kwanza. Anakaa kwetu. Asubuhi tunafanya mazoezi tumekaa kwenye viti tukitazamana, na salamu tunamaliza hapo hapo. Ni fupi sana. Maharage tumeyafuta kabisa. Jana alipanda ngazi za kanisa akimshikilia Aline, na nilifurahi kweli.

Ila kuna jambo. Daktari kasema, mbele ya Khatibu, kwamba goti la mama lilikuwa gumu kuliko langu. Khatibu analitangaza sokoni. Kinyozi ameshajua.

Nimefikiri. Goti langu jingine, la kushoto, nalo linauma kidogo. Nikilibebesha mikungu vizuri na kuchechemea kwa bidii, mwakani nitakuwa na kesi ambayo Kasulu nzima haijaona. Nimeanza leo. Mazoezi ya jioni nimeyaruka, nitunze nguvu.

Namsikia Aline anafungua mlango. Kikombe kiko wapi?