Meli ya Angani Lazima Irudi

Alhamisi, 4 Machi 1999

Wamenikatia Meli ya Angani.

Saa kumi na moja jioni nimeshakaa kwenye kiti changu, maikrofoni mkononi, koo nimelilainisha kwa chai ya tangawizi. Ukumbi umejaa. Watu sabini na kitu, wengine juu ya kreti za soda. Antena imeelekea ng'ambo ya mpaka, picha safi, hata chenga hamna. Kinatokea nini? Mwanamume mwenye tai anafundisha kufuga kuku.

Nimejaribu. Dakika sita nzima nimemtafsiri yule wa kuku kuwa mkuu wa majasusi wa sayari ya adui. Mayai nikasema ni mabomu. Watu walishaanza kukubali. Ndipo maandishi yakapita chini ya kioo, na Wilbard, aliyekaa nyuma kabisa kama kawaida ya watu wenye nia mbaya, akasema kwa sauti kwamba yanatangaza programu ya Meli ya Angani imesitishwa na haitarudi.

Wilbard alikaa Kitwe, huko ng'ambo, miaka miwili. Sasa anauza betri za redio hapa Tunduma. Basi hiyo tu imemfanya profesa.

Kwa watakaoisoma shajara hii nitakapokuwa mtu maarufu: mimi ni Efraimu, mzaliwa wa Mbebe, mtafsiri wa ukumbi wa video wa Mzee Bugalama. Televisheni ya ng'ambo inasema Kiingereza, mimi naweka Kiswahili papo hapo. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, ila darasa la saba la zamani. Na kutafsiri si kusikia maneno. Ni kutazama macho. Mtu akifungua mdomo huko angani, mimi najua anataka kusema nini kabla hajamaliza. Kapteni wa meli nilimpa jina la Shadrack, maana jina lake la Kiingereza halikai mdomoni. Mkewe nikamwita Atuganile. Watu wa Mbozi wamelia machozi kwa sababu ya hao wawili.

Mzee Bugalama aliuza ng'ombe kumi na wawili kule Kamsamba akafungua ukumbi huu. Akaniuliza, kwa upole wake ule unaotisha, sasa Alhamisi zijazo tutafanya nini. Nikasimama. Nikawatangazia wote kwamba Meli ya Angani itarudi kabla ya Jumapili ya Matawi, na isiporudi, maikrofoni hii nampa Wilbard. Makofi mengi. Nilipokaa nikajiuliza nani alinituma.

Ferista hakupiga makofi. Ana banda la chai na maandazi hapo mlangoni, na hajawahi kukosa Alhamisi hata moja. Akaniuliza sasa Atuganile atajuaje kama mumewe yu hai. Nikamwambia avute subira. Mumewe Ferista alivuka mpaka mwaka tisini na nne kwenda machimboni, mpaka leo hata barua. Sijui kwa nini nimeliandika hilo hapa. Halihusiani.

Ijumaa, 5 Machi

Nimeandika barua kwa kituo cha televisheni. Kwa Kiingereza, kwa mkono wangu. Wilbard alijitolea kunisaidia. Nikamshukuru, nikamwambia mambo ya ufundi haya.

Nimetumia kamusi. Maneno magumu nimeyapigia mstari ili wajue nimeyachagua kwa makusudi. Kwanza nimewasalimia wao na familia zao. Kisha nikawaeleza hadithi yao kwa ufupi, kurasa tisa, wasije wakasahau walipoishia: Kapteni Shadrack yuko angani miaka mitano, mkewe Atuganile amebaki kwenye sayari ya nyumbani akivuna kahawa na kutazama juu, na yule mjumbe mwenye kichwa kirefu anamdanganya kwamba mumewe kafa. Mwisho nikawapa ushauri wa bure kuhusu taa zao. Nadhani hawajawahi kupata barua ya namna hii.

Jumamosi, 6 Machi

Barua bila majina ya wananchi haina uzito. Nimechukua daftari, nikaenda kusimama karibu na foleni ya malori, nikapaza sauti: wenye kutaka waandike jina na kijiji. Jamani, watu wa Tunduma wana mwamko! Majina mia mbili na arobaini kabla ya saa nane mchana. Wengine walitia dole gumba. Mzee mmoja, Makene, aliandikisha na wanawe wanne ambao hawapo.

Nilivuka mpaka mwenyewe hadi Nakonde, nikaitia posta. Nilirudi nikitembea katikati ya barabara.

Jumatatu, 8 Machi

Mzee Makene amekuja banda la Ferista asubuhi, kanivulia kofia, kaniuliza viwanja vinagawiwa lini.

Nikamuuliza viwanja gani. Akasema vile tulivyoandikishwa Jumamosi. Nyuma yake wapo wengine thelathini. Mwanamke mmoja katoka Isongole na mfuko wa vigingi.

Sikutaka kuwavunja moyo. Nikawaambia suala liko ngazi za juu sana, tunasubiri majibu kwa maandishi. Ambayo ni kweli. Wakaniita mheshimiwa. Ferista alikuwa anakaanga maandazi, akacheka mpaka akafunika uso kwa khanga. Nilifurahi kumwona akicheka, ila angeweza kucheka kitu kingine.

Alhamisi, 11 Machi

Kuku tena. Watu kumi na mmoja ukumbini. Nikarudi kwenye majasusi, nikaweka na mapigano. Wanne kati yao walikuwa wamekuja na kalamu. Wakaniomba niache majasusi, niseme dawa ya mdondo wa kuku. Sikuijua. Wilbard akawaambia kutoka kule nyuma, taratibu, neno kwa neno, nao wakaandika na kumshukuru.

Mzee Bugalama alimtazama Wilbard kwa muda mrefu. Najua mtazamo ule. Ni wa mtu aliye mnadani.

Jumatano, 24 Machi

Barua imejibiwa! Bahasha ya kahawia, nembo, jina langu limepigwa kwa mashine. Nimeizungusha stendi nzima ikiwa bado imefungwa, ili watu wazoee kwanza. Kisha nikaifungua peke yangu nyuma ya ukumbi.

Nimeelewa mstari wa kwanza, wananiita Ndugu Mpendwa. Nimeelewa wa mwisho, wao ni wangu katika kazi. Mistari ya kati ni mirefu, lakini sura ya barua ni ya furaha. Barua ya kukataa huwa fupi. Hii inajaza ukurasa.

Kesho naisoma hadharani.

Alhamisi, 25 Machi

Nataka niandike hili haraka liishe.

Ukumbi ulifurika. Hata Mzee Makene na watu wake wa viwanja wamo. Nikapanda juu ya kreti, nikasoma mstari mmoja kwa Kiingereza, nikatafsiri, mstari mwingine, nikatafsiri. Nikasema kituo kinaomba radhi kwa wananchi wa Tunduma. Nikasema Meli ya Angani inarudi ikiwa na meli kubwa zaidi. Nikasema Kapteni Shadrack anatusalimia. Watu wakarusha kofia. Ferista alikuwa mlangoni na kijiko cha chai, ameshika kifua.

Wilbard akaomba aione barua, kwa heshima tu. Akaniita kaka. Ningekataa vipi mbele ya watu?

Akaisoma yote. Kituo kinasema programu imesitishwa hata huko ilikotengenezwa kwa sababu watazamaji walikuwa wachache mno, na kwamba kipindi kimoja cha mwisho hakikuwahi kurushwa. Kinasema hadithi niliyowaandikia hawaijui. Programu yao ilihusu hospitali ya wanyama inayozunguka angani. Ninayemwita Kapteni Shadrack ni daktari wa mifugo. Hana mke. Ninayemwita Atuganile si mtu, ni mashine iliyotengenezwa kwa sura ya mwanamke, kazi yake kupima joto la wagonjwa. Na mjumbe mwenye kichwa kirefu ni ndama.

Halafu kicheko, kutoka mbele kwenda nyuma, hata Mzee Bugalama mabega yanamcheza. Mzee Makene akauliza kama barua imesema lolote kuhusu viwanja.

Ferista peke yake hakucheka. Aligeuka akaenda kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Niliumia. Siyo kwa kicheko, kicheko nimekizoea. Niliumia kwa ile chai.

Ijumaa, 26 Machi

Nimelitafakari. Kituo kimekosea. Mtu anaweza kutengeneza kitu asikielewe. Mimi nimeitazama ile programu miezi saba, wao wanaipitisha tu.

Habari nyingine. Wilbard alimpigia simu jana rafiki yake wa Kitwe, fundi wa kituo kile, na leo basi limemletea kanda ya video: kile kipindi cha mwisho kisichorushwa. Mzee Bugalama ametangaza kitaonyeshwa kesho saa tisa alasiri. Mtafsiri: Wilbard. Mtoto wa kuandika vibao tayari ameshafuta jina langu kwa rangi ya kijani.

Nikamkumbusha Mzee kwamba Meli ya Angani inarudi kabla ya Jumapili ya Matawi, kwa hiyo kiapo changu kimetimia na maikrofoni ni yangu. Akanijibu kuwa maikrofoni ni yake, aliipata kwa ng'ombe wake.

Jumamosi, 27 Machi

Nimekwenda. Nimekaa nyuma kabisa. Mtu asije akafikiri ni kwa nia mbaya.

Wilbard anajua Kiingereza, siwezi kumnyima. Akatafsiri neno kwa neno. Daktari anasema mapafu ya mnyama yana maji. Mashine inasema joto ni thelathini na tisa. Daktari anasema tumpe dawa asubuhi na jioni. Mzee Bugalama alisogeza kiti mbele, akauliza ni dawa gani, maana alishapoteza mtamba kwa dalili hizo hizo. Wengine wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Nusu saa, na hakuna aliyesema hata aisee. Kipindi kikaisha bila mtu kujua kimeisha.

Ndipo Ferista akaingia katikati ya ukumbi. Alimwambia Wilbard, mdogo wangu, umesema kweli na tunakushukuru. Sasa rudisha kanda mwanzo, umpe Efraimu. Wilbard akasema lakini dada, huyu anatunga. Ferista akasema anajua. Wote wanajua, tangu mwezi wa kwanza wa programu, maana hakuna angani panapolimwa kahawa. Akasema yeye anataka tu kusikia kama yule mtu anarudi nyumbani.

Hakuna aliyecheka. Wilbard akanipelekea maikrofoni mwenyewe, kwa mikono miwili.

Sikuwahi kutafsiri namna ile, na sidhani kama kuna mtu Mbozi nzima amewahi. Ndama nikamfanya mjumbe aliyetubu. Mapafu yenye maji nikayafanya dhoruba. Meli ikashuka kwenye sayari ya nyumbani asubuhi, mikahawa imetoa maua meupe bonde zima, mama yake Kapteni anatwanga, anasikia hatua, anaacha mchi juu. Watu walikuwa wanavuta kamasi. Mzee Bugalama akasahau mtamba wake. Maandazi ya Ferista yakaungua nje, harufu ikaingia, naye hakugeuka.

Kwenye kioo daktari akafika mbele ya mlango wa chuma, akainua mkono. Nikasema Kapteni Shadrack amefika kwake. Miaka mitano. Anagonga. Ndani Atuganile anaacha alichoshika, anauliza ni nani.

Nikautazama ukumbi. Watu mia moja, hakuna anayepumua. Ferista amebana khanga kwa meno. Sijawahi kuwashika watu hivyo maishani mwangu. Nikawaza: wakijua leo, Alhamisi watakuja kutafuta nini?

Kanda ilikuwa imebaki dakika nne. Nikamwashiria Mzee Bugalama azime. Nikasema kwa sauti nzito, Itaendelea.

Jumapili ya Matawi, 28 Machi

Jina langu limerudishwa kwenye kibao, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko za mwanzo. Nimepita mbele yake mara nne.

Ferista alipita akienda kanisani, tawi la mchikichi mkononi. Nikamsalimia. Akapita. Bandani nilikuta kikombe changu kimegeuzwa kifudifudi, na Mzee Makene amekalia kiti changu. Anasema hiki ndicho kiwanja chake, amechoka kusubiri.

Mzee Bugalama kaniuliza sehemu inayofuata inafika lini. Nikamwambia ipo njiani. Wilbard alinivuta pembeni. Kwamba zaidi ya zile dakika nne hakuna sehemu inayofuata popote duniani, hawakuitengeneza. Kwamba ningeweza kwenda sasa hivi kumsubiri Ferista mlangoni pa kanisa, nikamwambia tu kuwa Atuganile alifungua. Neno moja, kaka, basi.

Nilimsikitikia. Ndiyo maana hatafika mbali katika kazi hii. Nikamweleza kwa ustaarabu kwamba mimi ni mtafsiri, siwezi kuongeza neno ambalo wenyewe hawajalisema.

Nimeanza barua ya pili kwa kituo. Nimewaelekeza watengeneze sehemu nyingine, ianzie hapo hapo mlangoni. Nimewasihi wafanye haraka, na neno haraka nimelipigia mistari miwili, maana kuna mwanamke huku anasubiri.