Mkanda Uliokatika kwa Maneno Matupu

Twaibu alikuwa na ovaroli ya fundi, bisibisi mfuko wa nyuma, na ulimi wa mafundi kumi. Kilichokosekana ni ufundi tu, na hilo hakuliona kuwa sababu ya mtu kukosa riziki. Asubuhi ya mnada wa Bariadi aliona pikapu ya dizeli imeegeshwa kando ya zizi, mwenyewe hayupo. Moyo ukamruka. Msimu wa pamba ulikuwa mlangoni, na mwenye pikapu msimu wa pamba si mwenzako tena, ni bosi.

Akafunua boneti, akachomoa waya wa pampu ya dizeli, akafunika, kisha akakaa juu ya pikipiki yake kwa utulivu wa mtu aliyetoka kusali.

Mwenye gari akaja: Milembe, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Lagangabilili.

"Mwangaluka, mayu!" Twaibu akamsalimia mama huyo kwa Kisukuma. "Hebu piga selfu kidogo. Hii gari yako siielewi."

Milembe akamtazama, akaingia, akapiga. Injini ikazunguka, haikuwaka.

Twaibu akavua kofia. "Pole sana. Mkanda wa taimingi umekatika."

"Mayu wee! Umejuaje, na hata hujafungua boneti?"

"Masikio, mayu. Kwenye dizeli, mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda zote. Hapo injini ni marehemu. Fundi yeyote atakula hela yako bure."

"Kwa hiyo imekufa kabisa?"

"Kabisa. Ila mimi nina huruma. Niachie hivi vyuma, nawe chukua pikipiki yangu."

Pikipiki hiyo ndiyo iliyomlisha, hakuwa na kingine duniani. Lakini pikapu nzima kwa pikipiki! Alikuwa tayari kuitoa na kofia juu yake.

Milembe akajikuna shavu. "Sawa, fundi. Ila hapa mnadani ng'ombe kilema anauzwa kwa kutangazwa kilema chake. Sitaki mtu anifuate kesho." Akawaita wauza ng'ombe.

Twaibu, akijibana asicheke, akapaza sauti: "Jamani, mimi Twaibu nachukua gari bovu! Mkanda umekatika, injini imekufa, na nimeridhika!"

Watu wakapiga makofi. Kadi zikabadilishwa. Milembe akafunga kanga vizuri, akapanda pikipiki na kutimua vumbi.

Twaibu akarudisha waya, akabusu usukani, akapiga selfu. Injini ikazunguka kwa wepesi wa ajabu, haikuwaka. Akapiga tena. Na tena. Jasho likamtoka. Akafungua kifuniko cha mbele kwa bisibisi, akaukuta mkanda vipande vipande, meno yake yamesambaa humo ndani. Alitaka kulia, na kusema kweli alilia kidogo.

Akatokea Luhende, mkulima mwenye maksai.

"Samahani, nachukua mnyororo wangu hapo chini ya bampa. Jana nilimvuta Milembe kwa ng'ombe mpaka hapa, mkanda ulimkatikia njiani. Tangu jana anatafuta mnunuzi, hata wanunuzi wa vyuma chakavu wanamcheka tu." Akamtazama Twaibu kwa huruma. "Kumbe umeinunua wewe? Jamani! Hakukuambia kwamba ni mbovu?"

Twaibu akafungua mdomo ajitetee.

"Aliambiwa," akadakia muuza ng'ombe mmoja. "Tena alijiambia mwenyewe, sote tukisikia."