Tatizo Limepatiwa Neno

Ofisi yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la maji taka katika mtaa wa nyuma ya soko limepatiwa neno. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lina herufi sita kamili, tena ni adimu. Umma unaombwa kutulia.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kitengo cha Herufi Sita, na nililibandika mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe. Wapo waliolisoma wakacheka. Wengine waliziba pua, maana walikuwa wametoka mtaa huohuo. Nitaeleza mambo yalivyokwenda, ili wenye akili waone kwamba utaratibu ulifuatwa tangu mwanzo.

Kitengo chetu kilizaliwa na kompyuta. Ofisi ilinunua mitambo mipya ya kupokea malalamiko, na zabuni akapata shemeji yake Mkurugenzi, kijana mwenye bidii ambaye mpaka wiki ile alikuwa akiuza mapazia. Mitambo ilipowashwa, ikaonekana kwamba palipoandikwa "Tatizo" pana nafasi ya herufi sita tu, na haisikii lugha nyingine ila Kiingereza. Mtu mdogo angesema shemeji kaharibu. Mkurugenzi wetu si mtu mdogo. Aliitazama skrini, akakuna kidevu, akasema, "Hii ndiyo sera tuliyokuwa tunaikosa."

Tangu hapo, mwananchi mwenye shida alitakiwa kuileta katika neno moja la Kiingereza lenye herufi sita. Shida isiyoenea humo, Mkurugenzi alifafanua, si shida, ni umbea.

Maneno yaligawanywa madaraja mawili. Yale ya kawaida, kama mother, ambalo ni mama, na bridge, daraja la kuvukia, waliachiwa wananchi na madereva. Yale adimu yakawa ya maofisa, na ndiyo yaliyompandisha mtu cheo. Kila asubuhi tulikusanyika ukumbini, Mkurugenzi akatamka neno la siku na maana yake, sisi tukapiga makofi. Siku ya zephyr, yaani upepo mwanana, feni zilikuwa zimekufa na makoti yametuganda mgongoni kwa jasho. Siku ya gowpen, yaani kiasi kinachojaa viganja viwili vilivyounganishwa, mtu wa stoo aliamriwa agawe sukari ya chai kwa kipimo hicho. Sukari ya mwezi mzima iliisha kabla chai haijachemka. Dereva wa ofisi, mtu asiyejua mipaka yake, akauliza, "Mzee, na dizeli nayo nikaichote kwa viganja?"

Akahamishiwa getini, kulinda.

Basi asubuhi moja akaja mkunga wa zahanati ya nyuma ya soko. Mji mzima unamwita Bi Mkasi, kwa kuwa mkasi wake ndio uliowakata vitovu wengi wao. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kuvuta. Alivaa mabuti ya mpira, na mabuti yalitangulia kufika, kwa harufu. Akasimama mbele ya dirisha langu, akaningoja.

"Hujaniamkia, mwanangu," alisema.

"Shikamoo ina herufi nane, mama," nilimweleza kwa upole. "Leta neno."

"Bomba la maji taka limepasuka pale kwetu. Maji yameingia mpaka chumba cha kuzalia. Wazazi wangu wako kwenye uchungu, sakafu imejaa mavi, na nyinyi..."

"Hiyo ni hotuba, mama. Neno."

Alivuta pumzi. "Sewage. Si ndiyo maji taka kwa hicho Kizungu chenu?"

Nikaandika. Mtambo ukalia kama paka aliyekanyagwa. "Limeshatumika," nikamwambia. "Kuna mwenye nyumba aliliingiza zamani."

"Akatengenezewa?"

"Hapana. Lakini neno lake lilipokewa, na mfumo haupokei neno mara mbili."

"Andika stench basi. Uvundo."

"Hilo linakwenda kwa watu wa hali ya hewa. Watakuja kupima upepo unakoelekea."

"Unaelekea puani! Haya, gutter."

"Gutter ni mtaro wa maji ya mvua. Maji yako ni ya mvua?"

"Danger!" Alipiga kaunta, muhuri wangu ukaruka. "Hatari! Hatari nayo ina mwenyewe?"

"Ni ya watu wa umeme, mama. Wameshaichorea hadi fuvu."

Akauokota muhuri, akaurudisha kaunta. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Jana nimemzalisha binti juu ya meza ya kuandikia. Mtoto nimempokea, nikawa sina pa kumweka. Nimesimama naye mikononi, maji yananifika kwenye vifundo, nimemnyanyua juu kama mtu anayevuka mto. Binti ananiuliza, mama, mbona humlazi mwanangu? Nimjibu nini? Wewe msomi, niambie. Nimjibu nini?"

Watu hudhani maofisa hatuna moyo. Tunao, ila hatuji nao kazini. Siku ile, kwa bahati mbaya, nilikuwa nao. Nikafungua kamusi, nikapekua, nikapata slough: tope zito, kinamasi. Nikaliingiza. Mtambo haukulia. Bi Mkasi aliondoka bila kushukuru, jambo ambalo nimelizoea.

Mkurugenzi alipoona neno langu kwenye skrini yake, aliniita ofisini akanipa mkono. "Slough!" alisema, akilitafuna kama karanga. "Adimu kabisa. Bandika tangazo." Ndilo lile nililolitaja.

Kulikuwa na hitilafu ndogo ya kitaalamu. Neno slough lina maana mbili, na ile ya pili ni gamba ambalo nyoka hulivua na kuliacha. Idara ya Ufundi, ambayo ina kamusi yake, ilisoma ya pili. Kesho yake wakampeleka zahanati mkamata nyoka.

Alifika na fimbo yenye ndoano na gunia la mkonge. Naye ni mtu wa kazi yake. Alipandisha suruali, akaingia, akachokora chini ya vitanda, akachungulia kabatini huku akina mama wakimtazama.

"Mama, nyoka yuko wapi?" alimuuliza Bi Mkasi.

"Nyoka wako ofisini, baba. Tena wanene."

"Mimi nimeagizwa hapa." Alitazama tope lililokuwa likimpanda miguuni. "Na hapa, mama, hata nyoka hawezi kuishi. Nyoka ni msafi."

Akaripoti kwamba hakuna nyoka. Ufundi wakalifunga jalada: limeshughulikiwa. Kwa takwimu zetu, hakuna tatizo lililowahi kumalizwa upesi namna hiyo, na Mkurugenzi aliiweka takwimu hiyo katika hotuba aliyokuwa akiiandaa, kwa sababu Waziri alikuwa anakuja kesho yake kuona ufanisi wetu.

Jioni ile ile, nikiwa nafunga dirisha, Bi Mkasi akatokea tena. Hakupiga kelele. Mwanamke anapoacha kupiga kelele mtu mwenye busara hukimbia, lakini mimi nilikuwa zamu.

"Labour," alisema. "Naliandika kwenye kadi za wazazi kila siku. Uchungu wa kuzaa."

Nikahesabu herufi kwa kidole. Sita. Nikaandika.

Hapa pia pana suala la kitaalamu. Labour ni uchungu wa kuzaa, lakini pia ni kazi, kazi ya jasho, na wafanyakazi wenyewe. Mfumo ulilichukua kwa maana hiyo ya kazi. Na kwa kuwa tangu ofisi ifunguliwe hakuna mtu hata mmoja katika jengo letu aliyewahi kuingiza neno lenye maana ya kazi, lilikuwa halijaguswa kabisa. Mtambo ulifikiri kwa muda, ukatapika karatasi: "Labour. Ukumbi Mkuu. Kuanzia kesho asubuhi, hadi itakapoamriwa vinginevyo. Maji ya moto ya chai yaandaliwe." Chini yake saini ya Mkurugenzi. Saini hujichapa yenyewe. Mkurugenzi tangu zamani hasomi anachosaini, na shemeji alimpunguzia hata ule usumbufu wa kushika kalamu.

Bi Mkasi aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani.

"Hicho ni kibali?" aliniuliza.

"Mfumo ukisema ni kibali, ni kibali," nilimjibu, na ninasimama na jibu langu hadi leo.

Asubuhi walikuja na mikokoteni. Magodoro, mabeseni, mapazia, wajawazito wamekaa juu yake wakishikana mikono, na waume zao nyuma wakisukuma. Mlinzi wa geti, yule aliyekuwa dereva, aliitazama karatasi, akaiona saini ya Mkurugenzi, akafungua lango hadi mwisho na kupiga saluti. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuniita. Alisema, "Bosi, mimi nilifundishwa nisiulize."

Mkurugenzi hakuona lolote. Alikuwa kwenye ngazi za mbele, anamngojea Waziri, anarudiarudia hotuba midomoni. Waziri alishuka garini na wapiga picha wake. Wakasalimiana. Mkurugenzi akamwambia kwamba hapa ndipo shida za wananchi hupungua hadi herufi sita, Waziri akasema vizuri sana, na msafara ukaelekea Ukumbi Mkuu. Mkurugenzi mwenyewe aliusukuma mlango, kwa mikono miwili, huku uso ameugeuzia kamera.

"Funga mlango, upepo huo!" ilitoka sauti ndani.

Ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa mapazia. Bango la Kitengo chetu lilikuwa limeteremshwa na kutandikwa. Birika la maofisa lilikuwa linachemsha mikasi. Na juu ya zulia jekundu lililotandikwa kwa ajili ya viatu vya Waziri, binti mmoja alikuwa amepiga magoti, ameng'ang'ania mguu wa meza kuu, anamwita mama yake.

"Watoe," Mkurugenzi alininong'oneza, jasho limemtoka hadi kwenye kope.

"Wana kibali, mzee."

"Nani kawapa?"

"Wewe, mzee."

Alitaka kusema jambo, lakini binti alipiga ukelele mmoja mrefu, Bi Mkasi akasema, "Haya mwanangu, haya, huyo, huyo," kisha ukasikika ukelele mwingine, mdogo, wenye hasira, wa mtu ambaye ndiyo kwanza amefika duniani na hapajampendeza. Waume waliokuwa dirishani wakashangilia. Mpiga picha mmoja alikuwa analia huku anapiga picha.

Nimewaona mawaziri wengi. Huyu alizitazama kamera, kamera zikamtazama, na kufumba na kufumbua alikuwa ameshavua koti na kumfunika binti.

"Mkurugenzi!" alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Mbona hukuniambia? Wengine wananipeleka kwenye vikao na makaratasi, wewe umewapa akina mama ukumbi wako!" Akamgeukia Bi Mkasi. "Mama, huko mlikotoka pana tatizo gani?"

"Pana maji taka, Mheshimiwa. Ofisi inajua. Ilituletea mtu wa nyoka."

Waziri hakuelewa, lakini hakuwa amekuja kuelewa. Alinyanyua mkono. "Natamka mbele yenu: kuanzia leo jengo hili ni la uzazi. Lote, juu na chini! Na Mkurugenzi, kwa moyo wake mkubwa, yeye na maofisa wake watahamia kule zahanati. Makofi!"

Yalipigwa. Mkurugenzi naye alipiga. Kamera zilikuwa zinamtazama, angefanyaje? Shemeji aliyekuwa amesimama karibu na nguzo hakuonekana tena siku hiyo, wala zilizofuata.

Sasa tuko nyuma ya soko. Meza yangu imepandishwa juu ya matofali. Majalada tumeyatundika kwenye misumari. Mara tu tulipofika, Mkurugenzi aliagiza mafundi wa bomba waje mbio. Walikuja, wakasimama pale pakavu, wakauliza neno. Tukajaribu sewage, limeshatumika. Tukajaribu slough, limeshughulikiwa. Mkurugenzi akataja maneno adimu aliyokuwa akiyatunza kwa ajili ya kustaafu kwake, moja baada ya jingine, na mtambo ukalia kila mara. Akatupa kamusi, ikazama.

"Jamani, ni mavi!" alipiga kelele kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kinywani mwake. "Hamyaoni? Mavi! Zibeni!"

"Tunayaona, mzee," fundi mkubwa alimjibu kwa adabu. "Lakini tukigusa bomba bila neno, ni wewe uliyesema tutafukuzwa."

"Basi naifuta hiyo sera!"

"Itafutwa kwenye mfumo, mzee. Tuoneshe pa kubonyeza."

Aliyejua pa kubonyeza alikuwa shemeji.

Kwa hiyo Mkurugenzi aliazima jembe kwa jirani, akakunja suruali, akaanza kuchimba kulitafuta bomba mwenyewe. Tai alikataa kuivua, kwa sababu za kiutawala. Mimi nilibaki kusimamia. Jua lilikuwa kali. Akina mama waliotoka kupima watoto wao kule kwenye jengo letu walipita njiani, wakanyamaza walipomfikia, wakacheka walipompita.

Alasiri Bi Mkasi alikuja kuchukua mizani ya watoto aliyoisahau. Alitembea kandokando ya shimo, mabuti yake safi, mizani kwapani. Akasimama, akamtazama yule mtu mzima aliyekuwa amezama hadi magotini, anahema.

"Pole na kazi," alimwambia.

Mkurugenzi aligeuka nyuma kutazama anayeambiwa ni nani. Nyuma yake nilikuwepo mimi tu, na mimi nilikuwa nimeshika mwavuli.