Malalamiko Dhidi ya Dakika na Sekunde

Jumatatu, 4 Machi

Nimelala kwa muda wa saa tatu na nusu tu. Mbwa wa Fundi tena. Nimefungua daftari maalumu na kulipiga mistari kwa rula: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kunyamaza, maoni. Sisi watu wa masjala hatulalamiki kwa mdomo. Jambo lisilo na jalada halipo.

Fundi ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Anatengeneza saa. Alifiwa na mkewe mwaka juzi, na marehemu ndiye aliyewapa mbwa majina: Dakika na Sekunde. Kila Jumapili tunacheza dama kibarazani kwake. Ukweli ni kwamba sina rafiki mwingine mtaani, na ndiyo maana siwezi kumwambia.

Mke wangu kasema nikamgongee tu, nimweleze. Mke wangu hajawahi kufanya kazi ya ofisini.

Jumanne, 5 Machi

Niliweka kengele ya simu saa saba na dakika hamsini usiku, nisije nikapitwa na mwanzo. Nikatoka na tochi na daftari. Kimya. Nikamulika ua wa Fundi kuhakikisha kwamba wapo. Walikuwapo. Saa nane kamili wakaanza.

Nimeandika: saa 8:00 hadi 8:25, nilipoingia ndani. Maoni: makusudi.

Mke kauliza mbona kabla ya daftari walikuwa wanabweka labda mara moja kwa wiki. Nimemjibu kwamba kabla ya daftari hapakuwa na takwimu.

Alhamisi, 7 Machi

Usiku wa tatu mfululizo, saa nane ile ile. Mbwa wa fundi saa, bila shaka.

Kazini nilisinzia mezani nikapiga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye mkono wa shati langu. Bosi kaniuliza nimepokewa na nani. Wenzangu wamecheka hadi saa ya kufunga.

Jioni nimeiandikia Kamati ya Mtaa. Aya saba zenye namba, kiambatisho kimoja, jina hakuna. Nimesaini “Mkazi Asiyelala”. Katibu wa kamati ni mimi mwenyewe, kwa hiyo barua nimeitoa kwa mkono wa kulia nikaipokea kwa wa kushoto. Nimeipiga muhuri na kuipa namba. Kazi safi.

(Naongeza tarehe 13: natamani ukurasa huu ungeliwa na panya.)

Jumamosi, 9 Machi

Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, mama asiye na haraka. Kaisoma barua mara mbili, kasema huyu mwandishi kasoma. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kaagiza Fundi apewe nakala na ajibu kwa maandishi kabla ya kikao cha Jumatatu. Utaratibu wa kuamua mambo kwa maandishi niliupendekeza mimi mwaka jana. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakaa tu na kuongea.

Nakala nimempelekea Fundi mimi mwenyewe. Kabandika lenzi yake jichoni akaisoma hivyo, kama mtu anayetafuta skrubu iliyoanguka. Akaikunja taratibu. Kisha akasema kuandika si kazi yake, mikono yake imezoea vitu vidogo, je, ningemsaidia kujibu?

Ningeweza kusema wakati ule. Tulikuwa wawili tu, chai mezani. Dakika alikuwa amelalia kiatu changu.

Nikasema nitafurahi.

Jumapili, 10 Machi

Dama hatukucheza. Tumeandika jibu.

Nilimuuliza Fundi kama ana utetezi wowote. Akasema upo mmoja, tena mkubwa, lakini ukiandikwa utamwaibisha mtu, na mtu mwenyewe pengine ana shida ya kiafya. Nikamsihi. Akakataa kabisa. Basi tukabaki na aya nne: mbwa ni kumbukumbu ya marehemu, ni wazee, Sekunde haoni kwa jicho moja, na anamwomba radhi yeyote aliyekosa usingizi.

Kaniomba nimsomee kwa sauti. Nilipofika kwenye aya ya marehemu, akaenda jikoni kutazama jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Baadaye, nyumbani. Aya ya pili inanisumbua. Uzee wa mbwa umetajwa bila kielelezo chochote. Karani yeyote angeliona hilo. Nimejizuia hadi saa tano usiku, kisha nikaketi na kuandika “Majibu ya Nyongeza ya Mlalamikaji”, ukurasa mmoja na nusu. Haki ya Mungu sikutaka kushinda. Nilitaka kuiweka kazi sawa tu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshinda.

Mwenyekiti kasema moyo wake uko kwa Fundi, lakini karatasi za Mkazi Asiyelala zimeshiba. Mbwa waondoke ndani ya siku mbili. Akaongeza sharti: mlalamikaji akijitokeza kwa miguu yake mwenyewe na kufuta malalamiko, mbwa watabaki. Akamtazama kila mtu mezani. Mimi alinitazama mara mbili. Nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao, mwandiko umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Nje, Fundi kanishukuru kwa jibu zuri nililomwandikia. Kaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Kasema kushindwa si kosa langu.

Nyumbani sikula.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji yake Fundi, dereva wa lori la kokoto, kaja kuwachukua. Dakika alipanda mwenyewe. Sekunde alikataa, ikabidi Fundi ambebe kama mtoto mwenye homa. Shemeji anasema kwake hakuna nafasi, atakaa nao hadi Jumamosi. Baada ya hapo mlinzi wa machimbo amewaomba, na mbwa wa machimboni hushinda kwenye mnyororo mwaka mzima.

Nilisaidia kufunga komeo la lori. Sijui kwa nini nilisaidia.

Lilipokata kona nikamuuliza Fundi, kwa kuwa sasa yamekwisha, ule utetezi wake ulikuwa nini. Akatazama kwanza kama hakuna anayesikia.

“Mdogo wangu, walikuwa wanabwekea tochi,” akasema. “Ile yako. Kila saa nane unatoka unawamulika machoni. Nikajua tumbo linakusumbua, unakimbilia chooni. Sasa kitu kama hicho nakiandikaje mbele ya Mwenyekiti?”

Nikamwambia tumbo sasa halijambo. Akasema anamshukuru Mungu.

Nimelipitia daftari lote. Safu ya “saa ya kunyamaza” ni saa yangu ya kuingia ndani, kila mstari. Nilikuwa nayaona hayo maandishi yangu mwenyewe na sikuyasoma.

Nimemweleza mke wangu yote, tangu barua ya kwanza. Alikuwa anakunja nguo. Akakunja shati lile lile mara tatu. Mwisho akasema, “Baba, Jumamosi haijafika. Nenda.”

Alhamisi, 14 Machi

Usiku kulikuwa kimya, na sikupata hata lepe la usingizi.

Asubuhi nilivaa shati safi nikaenda kukiri. Nilifika mlangoni kwa Fundi. Nikainua mkono kugonga, nikauona mkono wenyewe mtupu, hauna hata karatasi. Sijawahi kusimama mbele ya mtu hivyo. Ningeanzaje? Kwa aya ipi? Nikashusha mkono, nikarudi.

Nimeandika barua ya kuomba radhi. Aya tatu, za kweli kabisa. Katika ya pili machozi yalinitoka na wino ukasambaa, nikalazimika kunakili upya. Nimesema najuta, nimesema Sekunde hakustahili, nimesema usiku umekuwa mrefu. Jina sikuweka. Nilihofia kumshtua mzee wa watu. Nimeisukuma chini ya mlango wake nikienda kazini.

Kifua kimekuwa chepesi kidogo. Mke wangu kauliza kama nimekwenda. Nimemjibu kwamba suala limeshughulikiwa. Akaniangalia kama anavyoiangalia nyama iliyolala nje.

Ijumaa, 15 Machi

Jioni mlango umegongwa. Fundi, na barua mkononi.

Akasema yule Mkazi Asiyelala kamwandikia. Anajuta, maskini, na maneno yake yamemgusa sana. Je, ningemsaidia kumjibu?

Mke wangu aliinuka, akamwekea chai, akatoka nje na kurudisha mlango nyuma yake. Nikampa Fundi kiti. Nikachukua kalamu. Nikamuuliza anataka kusema nini.

“Andika kwamba sina kinyongo,” akasema. “Andika aje tu. Kesho saa nne shemeji anawapeleka machimboni, lakini akija kabla ya hapo, hata alfajiri, akaniambia kwa mdomo wake, tunakwenda pamoja kwa Mwenyekiti na mbwa wanarudi. Wala asiseme mengi. Akisema ‘Fundi, ni mimi’, mimi inanitosha.”

Alikuwa anaongea polepole, na macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa usoni kwangu. Niliandika neno kwa neno. Akaweka saini yake ndogo chini, akapuliza wino.

Nikamuuliza barua hii tuipeleke wapi, ilhali mtu mwenyewe hatumjui.

Akasema mimi ni katibu, nitampata. Hakuondoka mara moja. Aliishika chai kwa mikono miwili hadi ikapoa, akiniangalia, na mimi nikachonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari. Kisha akanitakia usiku mwema, akaenda kwake. Kupitia ukutani nilimsikia akivuta kiti na kuketi. Hakuzima taa.

Mke wangu kaingia, kaniuliza nasubiri nini. Nimemwomba anipe nafasi kidogo, nina barua imeingia.

Nimeipokea rasmi saa mbili na robo usiku. Nimeipiga muhuri na kuipa namba. Ni barua nzuri, labda nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na hoja zake zote nakubaliana nazo. Tatizo ni moja tu: muda wa kujibu ni mfupi mno kwa jambo zito kama hili. Nimeanza rasimu ya kumwomba Fundi aniongezee siku saba.