Makopa ya Mama Mkwe Juu ya Turubai Langu

Leo nimeumbuka, jamani. Tena mbele ya mama mkwe.

Kwa msionijua: mimi ni mchoraji hapa Chuno. Sikusomea popote. Nilianza na mabaki ya rangi za nyumba, nikajifundisha mwenyewe (na inaonekana, majirani wanasema). Natandika turubai uani, navua viatu, nalizunguka mpaka mkono uamue wenyewe. Sichori nyumba wala mnazi. Mtu akiniuliza, "Hiki ni nini?" namjibu, "Wewe unaona nini?" Kanuni yangu ni moja: kazi ikiisha, siigusi na sielezi.

Sasa, tangu nianze, hakuna picha yangu hata moja iliyowahi kutundikwa ukutani. Hata kwangu! Mke wangu Zuhura anasema zinamtisha. Inaniuma, nisiwafiche. Ndiyo maana niliposikia Bi Tatu, anayefungua nyumba ya wageni mtaa wa pili, anatafuta picha ya pale mapokezi, nilimbembeleza aje aone. Akakubali kuja leo.

Asubuhi nikamwaga bluu, nikaiburuza kwa ufagio wa chelewa, nikaacha turubai likauke juani. Nikaenda kumpokea mgeni barabarani. Huku nyumbani, mama mkwe akaingia kutoka Nanyamba bila taarifa.

Narudi na Bi Tatu, nachungulia uani. Mungu wangu! Turubai lote limejaa makopa. Vipande vyeupe vya muhogo vimeanikwa juu ya bluu yangu! Nikafungua mdomo niombe radhi. Bi Tatu akaniwahi.

"Kaka! Hii nzuri! Huu muhogo umeuwazaje?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema.

"Dada," nikashusha sauti (ninayo sauti ya kisanii), "muhogo haukuwazwa. Umekuja wenyewe."

"Na hii nafasi hapa katikati?"

"Huo ni Ruvuma. Huku sisi, kule ndugu zetu wa Msumbiji. Maji yanatutenganisha, chakula kinatuunganisha."

Bi Tatu akashika kifua. Machozi yanamlenga! Nami nikanogewa, nikaongeza na habari za upweke. "Kila kipande," nikasema, "nimekisikiliza kabla ya kukiweka."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe huyo, na ungo wake kiunoni. Akapita katikati yetu, akainama, akaanza kuokota upweke wangu na kuutia kwenye ungo.

"Shikamoo mama... unafanya nini?"

"Marahaba nkwe. Naanua makopa yangu. Wingu lile hulioni?"

"Makopa yako?" Bi Tatu akauliza.

"Ya nani tena? Yalilowa njiani, nikakuta turubai limetandikwa bure."

"Na hii nafasi ya katikati, mama?"

"Nilisimama hapo nikianika. Ulitaka nipae?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Bado! Mama akageuza kopa moja, chini bluu. Akageuza jingine, bluu. Rangi ilikuwa haijakauka.

"Nkwe! Umeyapaka rangi makopa yangu?"

Bi Tatu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema picha anaichukua, ila pamoja na makopa, na aliyeyapanga mwanzo ndiye ayapange tena. Mimi nisiguse.

Mama mkwe akagoma. Chakula kitundikwe ukutani, watu wana wazimu? Kisha akalitazama turubai, kichwa upande. "Ila pale kwenye kona," akasema, "panataka kubwa kidogo."

Basi picha yangu itatundikwa. Tafadhali msicheke. Ninavyoandika hivi nimekaa uani namenya mihogo, na msanii ameshanifokea: eti nakata bila kuwaza.