Jemadari wa Msasa na Vita vya Chupa Tatu

Jongeeni, enyi wenye masikio, nanyi mliobeba viatu vilivyobanduka soli viwekeni hapo chini, nitavishona nikisimulia. Jongeeni niwape habari ya vita vilivyopiganwa katika uwanja usiozidi upana wa sahani, nao ni uso wa Jemadari wa Msasa, fundi wa kupiga vanishi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Asiyetaka kusikia na apite zake, ila viatu vyake asiniletee tena. Mimi fundi viatu nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu haya mawili, na chumvi yoyote mtakayoionja humu imetiwa na wengine.

Jemadari huyo alikuwa mwanamke wa mikono migumu na sauti ya kuamsha mtaa. Meza zilizokwaruzwa, makabati yaliyochubuka, stuli zilizokaliwa na vizazi vya makalio, vyote viliingia kwake hoi vikatoka vinang'aa. Lakini miaka yote hiyo alifanya kazi chini ya bango la mtu mwingine, na sifa zikaenda kwa mwenye bango. Mwaka huu hatimaye alifungua karakana yake mwenyewe. Karakana ikahitaji bango, na bango likahitaji uso wake.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Kwani mchora mabango wa mtaa wetu ni mtu wa kutisha: huchora anachokiona. Hapunguzi, haongezi, habembelezeki. Alipomchora muuza nyama wa pale pembeni, alimchora pamoja na chunjua lake la puani, akalitia na kivuli likasimama, tangu siku hiyo watu wakielekezana njia husema, "Ukifika penye chunjua, kata kulia." Mtu mzima, ana wajukuu, amegeuka kona! Basi mjue Jemadari alikuwa anapigania nini.

Na uso wake, mwezi mmoja kabla ya kuchorwa, ulikuwa umeparara. Vumbi la msasa lilikuwa limeufifisha, mashavu yametoa magamba, na paji la uso lilikwaruza kama mbao iliyotoka kupigwa randa butu. Akajitazama kwenye kioo cha kabati la mteja, akapaza sauti hata nikajidunga sindano.

"Jirani! Vitanda vya watu nimevitia nuru, halafu mimi mwenyewe nitundikwe barabarani na uso huu? Watoto wa shule waambiwe wakate kushoto penye magamba? Haki ya Mungu, sikubali!"

Ndipo wifi yake, mke wa kaka yake, alipotokea mbio akiwa ameinua chupa juu kama bendera.

"Wifi yangu, usilie nami nipo! Asidi ya salisiliki hii. Inazama ndani ya vinyweleo, inafukuza mafuta na uchafu. Si unakumbuka chunusi zangu? Hebu niangalie sasa!"

Tukamwangalia. Chunusi hazikuwepo kweli, ingawa mafuta yaliyobaki pale usoni yangetosha kukaangia yai. Jemadari akasita, nami nikasema twende duka la dawa tukaulize. Nikafunga kibanda, kiatu cha mteja kikiwa bado mkononi mwangu.

Muuza dawa, mama mmoja mpole asiye na haraka, akapanga chupa tatu mezani: salisiliki, glikoliki na laktiki. "Zote zinaondoa ngozi iliyokufa," akasema, "tena bila kusugua."

"Bila kusugua?" Jemadari akashtuka kama aliyetukaniwa ukoo. "Kazi bila msasa?"

"Bila msasa, dada. Asidi inailegeza, inatoka yenyewe. Ila kila chupa na ngozi yake. Ya kwako ni ya aina gani?"

"Ya mafuta, kama yangu," wifi akadakia.

"Ngumu, kama mimi mwenyewe!" Jemadari akanguruma. "Sikiliza, mama. Vanishi iliyozeeka huwezi kuibembeleza, unaitia dawa kali inanyanyuka yote. Nipe iliyo kali kuliko zote hizi!"

Akaichukua glikoliki, tena ile yenye nguvu nyingi, akatoka nayo kifua mbele, muuza dawa akimwita nyuma, "Dada, subiri kwanza!" Nani wa kumsubirisha? Tukamfuata tu.

Akaketi karakanani, akalowesha pamba, akaiinua kuelekea shavuni. Nikafumba jicho moja. Lakini sikieni maajabu ya mkono uliozoea kazi! Mpiga vanishi yeyote, kabla ya kugusa uso wa stuli, huigeuza akajaribu dawa chini kwanza, pale pasipoonekana na mtu. Na mkono wa Jemadari, bila kumuuliza mwenyewe, ukalipita shavu, ukaenda kugusa nyuma ya sikio.

Tukangoja. Punde si punde pakawa pekundu kama pilipili.

"Mama yangu wee, naungua!" akalia, akikimbilia ndoo ya maji. Alipokwisha kujimwagia akasimama anatiririka, na mara akaanza kucheka. "Jamani! Ingekuwa shavuni je?"

Tukarudi dukani, safari hii kwa adabu. Muuza dawa hakumsimanga. Alimwambia anawe uso kwa sabuni laini, asipake kitu, akae kwenye benchi, na wifi afanye vivyo hivyo. Tukakaa karibu saa nzima tukitazamana usoni. Wifi akaanza kumeremeta, kuanzia pua hadi masikio. Jemadari yeye uso ukambana hata kucheka ikawa taabu.

"Ngozi hiyo ni kavu," nikatangaza, nikisimama. "Kiatu kilicholoa kikaanikwa juani huwa hivyo hivyo. Kinataka kulainishwa!"

"Fundi amesema kweli," akajibu muuza dawa, na neno hilo nitazikwa nalo. "Salisiliki ni ya wifi yako, mwenye mafuta. Wewe chukua laktiki, isiyo kali sana. Ni ya upole, na inasaidia ngozi kushika unyevu. Kwanza hapo sikioni papone. Halafu jioni, mara mbili tu kwa wiki, ukimaliza pakaa losheni. Asubuhi usitoke bila mafuta ya kukinga jua. Na vumbi la msasa jifunike, jamani!"

Akatii, yeye asiyewahi kumtii mtu. Wiki zikapita, magamba yakarudi nyuma, paji la uso likasalimu amri.

Siku ya kuchorwa mtaa ulijaa. Muuza nyama alikuja na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele kabisa. "Angalia vizuri, fundi," akamsihi mchora mabango. "Pale shavuni hamna kitu? Hata kidogo? Nimechoka kuwa peke yangu!"

Mchora mabango akamzunguka Jemadari polepole, jicho moja amelifumba. Akasimama. "Kuna kidoa nyuma ya sikio."

Jemadari akasema, "Kwani utanichora kwa nyuma?"

Mchora mabango akafikiri sana, maskini, mtu wa haki yule. Kisha akarudi akakaa mbele yake. "Nikiwa hapa hakionekani," akasema, akachovya brashi.

Bango lilipopandishwa, Jemadari alisimama chini yake akalitazama mpaka machozi yakamtoka. "Ni mimi," akasema. "Huyu mtu hajawahi kumpendelea yeyote, na ni mimi."

Na iandikwe basi, isomwe na watakaokuja: jioni ile ile alipita mwanamke amejitwika kiti kilichochubuka, akamuuliza muuza nyama kwa fundi vanishi ni wapi. Muuza nyama akashusha pumzi ndefu, akanyoosha kisu.

"Kutoka hapa penye chunjua," akasema, "nenda moja kwa moja mpaka umwone mtu ana uso mzuri. Ndipo hapo."